Mama, Ungeniambia Nani Alikuwa Akimwogesha Baba

Mama,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo, maana kukuuliza hali hakuna maana tena, na wewe mwenyewe hukumpenda mtu anayezunguka na maneno. Una miezi mitano kaburini na mimi bado naamka na hasira kila asubuhi. Watu wa kanisa wananishika mkono wakisema, pole, ni huzuni hiyo. Huzuni naijua, Mama. Ipo, na haigombani na mtu. Hii nyingine ni hasira, na sehemu yake kubwa ni yako.

Ulimficha Baba.

Kila Jumapili nilipokuja kwenu Acocks Green baada ya ibada nilimkuta ameketi kwenye kiti cha dirishani, suti ya kijivu, tai, viatu vinang'aa. "Baba yako amechoka leo," ulisema, na mimi nikaamini. Nikimwuliza habari za goti lake, ulijibu wewe. Nikimwuliza kama ameona mpira, ulijibu wewe, na wewe mpira hukuujua hata kidogo. Halafu ulimwanzishia ubeti wa tenzi, akauimba mpaka mwisho bila kukosea neno, nami nikarudi zangu Castle Vale, upande mwingine wa jiji hili la Waingereza, nikisema mzee bado yuko imara. Mama, mimi nina cheti cha kutunza watu wenye ugonjwa wa kusahau! Ni wewe uliyeniambia nikitie kwenye fremu. Wakati nakipigia msumari ukutani, ulikuwa unajua, ukanishikia nyundo, ukanyamaza.

Sisi tunasema mficha maradhi kilio humfichua. Chako kilimfichua Baba mbele ya watu wote. Ulipoanguka jikoni asubuhi ile ya Jumanne, yeye alibaki mezani akisubiri uji. Sufuria iliungua, king'ora cha moshi kikalia, na Mama Hodan wa nyumba ya tatu ndiye aliyekuja kugonga, akaita gari la wagonjwa. Baba alimwuliza kama amekuja na maziwa. Siku ya mazishi tulimvalisha ile suti ya kijivu, tukamsimamisha kati yangu na kaka Asava. Mchungaji alipomaliza kuomba, Baba akamgeukia Asava, akauliza kwa ile sauti yake ya kuongea na darasa zima, "Kijana, tunamzika nani?"

Kanisa lote likatazama viatu.

Unajua waliitikiaje msiba? Vizuri sana. Chapati zilikuja mpaka zikakosa pa kuwekwa. Akina mama wakapika ndengu, wakaosha vyombo, wakanikumbatia, kila mmoja akasema, "Ukihitaji kitu, niambie tu." Wiki ya tatu nikahitaji kitu. Nilihitaji mtu wa kukaa na Baba kwa muda wa saa mbili siku ya Jumatano ili niende kufuata karatasi zako. Nilipiga simu saba. Mmoja alikuwa na zamu, mwingine na mtihani, mwingine akaniambia waziwazi, "Kageha, mimi hiyo hali ya mzee inanitisha." Angalau huyo alisema ukweli.

Nikahamia chumba chako cha kushonea. Nikapunguza siku za kazi. Asava, yeye yuko Milton Keynes na kompyuta zake, akapanga kila kitu kwa simu. Kampuni ya wauguzi wa nyumbani ikapewa kazi ya kuja mara nne kwa siku. Naifahamu kazi hiyo, ndiyo inayonilisha, ingawa hii si kampuni yangu. Najua mtu anavyoingia huku anaangalia saa. Najua anavyoandika ripoti kwenye simu hata kabla hajavua koti. Lakini hujaijua kazi hiyo mpaka ukae upande wa pili wa mlango, ukisubiri mtu wa saa mbili aliyefika saa tano kasorobo.

Kila siku sura mpya. Mmoja akamwita "Zeke". Zeke, Mama! Mwalimu Ezekieli, mwalimu mkuu aliyekuwa akitembea kwenye mstari wa asubuhi na wazazi wenyewe wanachomeka mashati, anaitwa Zeke na mtu aliyemjua kwa dakika nne. Kijana wa watu hakuwa mbaya. Alimpeleka bafuni, akafungua bomba la juu, maji yakamwangukia Baba kichwani kwa ghafla, na Baba akapiga yowe ambalo sijalisikia kwa mtu mzima. Kijana hakurudi. Baada yake wakaja wanawake peke yao. Nikapiga simu kuomba mwanamume, wakasema wanaume hawatoshi, tuwe na subira.

Wewe unajua kwa nini niliomba. Kwetu Vihiga mtoto haoni uchi wa baba yake. Si sheria iliyoandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanifundisha. Ni kitu unachokua nacho, kama kujua usimpite mkubwa njiani bila salamu. Mimi ninaogesha baba za watu. Nawasugua migongo, nawageuza, nawafunga nepi, tunaongea habari za hali ya hewa. Wangu siwezi. Nilijaribu siku moja, Mama, nakuungamia. Nilisimama mlangoni pa bafu na taulo, nikiangalia dari. Baba alishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili akaniambia taratibu, kwa heshima, "Binti, toka. Wewe una baba yako mahali." Jina langu lilikuwa limempotea. Aibu ilikuwa bado ipo, nzima, wala ugonjwa haukuigusa.

Sasa fikiria wanawake wale. Wengi ni Wakenya wenzetu, wasichana wa heshima, na kwa heshima hiyo wanafanya nini? Wanamwita Baba. Kulikuwa na mmoja wa Nakuru, Sheila, mpole kabisa. Nilimsikia akimbembeleza, "Baba, please, si tuoge tu kidogo? Niko na client mwingine saa tatu na nusu." Kadiri alivyozidi kumwita Baba ndivyo Baba alivyozidi kukaza mkanda. Katika akili yake alikuwa amevamiwa na mabinti zake. Sheila alipogusa kifungo cha shati, Baba akampiga kofi mkononi. Msichana akatoka akilia, na mimi nikabaki sebuleni sijui nimwonee huruma nani.

Na mimi ndiye niliyewaagiza! Karatasi niliyobandika kwenye friji ilisema: tafadhali msimwite kwa jina, mwiteni Baba. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari.

Ripoti zikajaa. "Amekataa kuoga." "Amekataa kuoga." "Amekataa kuoga, amempiga mhudumu." Mara kumi na moja, kwa Kiingereza kizuri. Kampuni ikaandika barua kwamba Baba ni hatari kwa wafanyakazi. Afisa wa ustawi wa jamii akaitisha mkutano, siku ya Alhamisi, kuamua kama Baba anaweza kuendelea kukaa nyumbani. Asava alikuwa ameshapata makao ya wazee ya kumpeleka, akanitumia picha. Bustani nzuri, viti vya bluu, wazee wamepangwa mbele ya televisheni. Nikaitazama picha ile nikamwona Baba kwenye kiti cha mwisho, ameshika mkanda.

Nilipiga kelele sana siku hizo. Nilimpigia kelele meneja wa kampuni, nikampigia Asava, nikazipigia sufuria zako. Neno gani hilo, amekataa? Nani alimwuliza kitu cha maana akakataa? Halafu, Mama, nikiwa kwenye basi kuelekea kazini, nikamkumbuka bibi mmoja Mwingereza ninayemhudumia Shard End. Kila asubuhi anataka kwanza awarushie ndege mkate, ndiyo akubali kunawa. Mkate na ndege ni dakika kumi, nami dakika kumi sina. Siku ngapi nimeandika bibi yule amekataa? Nilishuka kituo kisicho changu kwa aibu. Siku hiyo tuliwarushia ndege mkate wote uliokuwamo nyumbani, na nikachelewa kwa watu wengine wawili.

Sasa nikwambie kosa langu, maana nikikulaumu wewe peke yako nitakuwa mwongo.

Mzee Yusuf alikuja Jumatatu ya tano baada ya kukuzika, saa tatu kamili. Mume wa Mama Hodan, Msomali wetu wa Nakuru aliyepitia Uholanzi, aliyepakia mikate ghalani pamoja na Baba miaka yote ile tangu Baba aache ualimu na kuja huku. Alisimama mlangoni na mfuko wa plastiki mkononi, kofia yake safi, ndevu zimechanwa. "Nimekuja kumsalimia mzee," akasema. Baba alikuwa juu anafoka na mhudumu. Nikaona haya. Nikasema, "Asante Mzee, amepumzika kidogo." Akaitikia, akaondoka. Alhamisi akarudi, saa tatu kamili. "Nimekuja kumsalimia mzee." Amepumzika, Mzee. Jumatatu tena. Nikaanza kusema moyoni, huyu naye hana kazi nyumbani kwake? Mara ya nne alisitasita pale mlangoni, akautazama mfuko, akanitazama. Nikadhani ni rambirambi. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo, nikamwambia Mungu akubariki. Akauachia polepole sana.

Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya mche, dodoki, na fulana nyeupe ya zamani iliyofuliwa na kukunjwa. Nikacheka, Mama. Nikasema labda Wasomali wana namna yao ya kutoa pole. Nikautupia kabatini.

Aliendelea kuja mikono mitupu. Nami niliendelea kumrudisha.

Jumamosi moja kabla ya mkutano nilikuwa madukani hapo Acocks Green, natafuta ndizi za kupika, nikasikia naitwa kwa sauti ambayo ilisimamisha watu. Mama Hodan na kigari chake cha sokoni.

"Kageha! Wewe kwa nini unamfungia mzee wangu mlango? Anakuja, anasimama kwa baridi, unamwambia mzee amelala. Amelala gani kila Monday, kila Thursday?"

Nikaanza kuomba radhi, nikasema nyumba haikuwa tayari kwa wageni.

"Mgeni nani? Yusuf si mgeni hapo! Sikiza, yeye hawezi kukuambia, wewe ni mtoto wa msichana, atakuambia aje? Mimi sina aibu, mimi nitakuambia. Ni Yusuf ndiye anaosha baba yako. Two years sasa! Mama yako alikuwa anaweka maji, Yusuf anamwosha, wanakunywa chai, anakuja nyumbani. Hukujua? Walahi hukujua?"

Nilikaa chini, Mama. Kwenye kreti ya duka la watu.

Ndipo akashusha sauti akaniambia lingine. Kwamba siku moja ulikwenda jikoni kwake ukalia. Kwamba ulitaka kumvua shati kama siku zote, na Baba akajifunika taulo, akakuomba utoke, akakuita mama yake. Mama yake mzazi, aliyekufa kabla sijazaliwa. Miaka arobaini na sita ya ndoa, akakuonea haya. "Alisema, Mama Hodan, sasa sina mume, niko na mtoto wa mtu mwingine ndani ya nyumba," ndivyo alivyonisimulia. Na mzee Yusuf, aliyekuwa sebuleni akijifanya hasikii, alivaa viatu akaenda kumsalimia mzee.

Kwa hiyo ulijua. Ulijua alikuwa haogeshwi na mkewe wala binti yake, ulijua ni nani anayemweza, saa ngapi, kwa sabuni gani. Ukanipa mimi mapishi ya mandazi kwenye simu kila Ijumaa na hili hukunipa. Kwa nini? Kwa sababu ya kanisa? Uliogopa waseme Mzee Ezekieli amerukwa na akili, anaoshwa na Mwislamu wa nyumba ya tatu? Acha waseme! Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na watu saba wa chapati hawakupatikana hata Jumatano moja. Au uliona haya mbele yangu? Mimi? Miaka kumi na mbili nasafisha wazee wa mji huu, ungenionea haya mimi? Hapo ndipo hasira yangu inapokwama, Mama, kila siku, kwenye swali hilo.

Jumatatu nilifungua mlango kabla hajagonga. Nilikuwa nimempigia simu mhudumu asije. Nilimrudishia mfuko wake kwa mikono miwili. "Ndoo iko wapi?" akauliza tu, akiangalia ukutani. Ndoo! Ile ndoo nyekundu, na kigoda, na jagi, nilivitoa bafuni wiki ya kwanza nikaviweka nje, kwa sababu kazini tumefundishwa vitu vya chini vinaangusha wazee. Nikakimbia bustanini kuvitafuta. Kigoda kilikuwa kimeota ukungu. Nilikisugua huku nakutukana kwa sauti ya chini, unisamehe.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alipomwona Yusuf mlangoni alikunja uso. "Wewe! Umechelewa tena."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Kila siku nisamehe. Utafagia uwanja."

"Nitafagia, Mwalimu. Lakini twende tuoge kwanza, wavulana wa bweni lile lingine watamaliza maji."

Na Baba akasimama! Akasimama mwenyewe, bila fimbo wala kushikwa mkono, akaanza kufungua vifungo vya mikono njiani, mbiombio, mtu anayewahi maji. Mlango wa bafu ukafungwa. Nilikaa kwenye ngazi nikisikiliza jagi likichota, likimwaga, likichota. Yusuf alikuwa anaanza na miguu, halafu mikono, kichwa mwisho, kama tulivyooga sote kabla ya kuja nchi za mabomba ya juu. Kisha nikasikia Baba anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ulipoanguka. Nililia pale kwenye ngazi mpaka Yusuf akagonga mlango kwa ndani akiomba taulo, naye hakunitazama nilipompa, wala mimi sikumtazama.

Baada ya kuoga aliomba chai, akala mayai mawili, akalala bila ugomvi hadi mchana.

Alhamisi nikaenda kwenye mkutano. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu chini ya meza. Meneja wa kampuni alikuwepo, afisa wa ustawi, mama wa makamo mwenye miwani na daftari, alikuwepo, na Asava alikuwa kwenye skrini. Nikawaeleza. Meneja akaniuliza, huyu Bwana Yusuf ana mafunzo gani? Nikamwambia amefunzwa na mama yangu na urafiki wa miaka ishirini. Akasema hayumo kwenye mfumo wao. Nikamwambia mfumo wao umemwita baba yangu mkorofi mara kumi na moja na haukuwahi kuuliza anapenda kuanza na miguu au kichwa. Asava akasema, "Kageha, let's be realistic." Nikamgeukia. Nikamwuliza baba yake anakunywa chai kabla ya kuoga au baada. Nikamwuliza tena, na kwenye skrini nikamwona kaka yangu mkubwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Hapo nikapungua sauti.

Ni yule mama wa miwani aliyesema kitu cha akili. Alisema angependa kuja kuona.

Akaja Jumatatu. Alikaa nami kwenye ngazi na daftari lake, Yusuf na Baba wakiwa ndani wanagombana juu ya maji huku wakicheka. Akaniuliza, "What are they laughing about?" Nikamwambia, Baba anamwadhibu mwenzake kwa uchelewaji. Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko sentensi niliyompa. Alipoondoka alimsalimia Baba kwa kumwita Mwalimu, alivyofundishwa na Yusuf mlangoni, na Baba akamwambia amewakaribisha wakaguzi siku zote.

Mama, Baba anabaki nyumbani. Wametupa wiki sita, halafu watatazama tena. Kwenye karatasi mpya imeandikwa saa tatu asubuhi, Jumatatu na Alhamisi, huoga na rafiki yake, maji ya ndoo, asiharakishwe. Imeandikwa asiitwe Baba na wahudumu, aitwe Mwalimu. Siku nyingine Sheila anakuja. Hamwogeshi, anamletea madaftari "ya kusahihisha" na kumpa dawa zake. Jumanne iliyopita alipewa alama saba kwa kumi, akaniringia nazo.

Jumapili niliomba nafasi ya matangazo kanisani. Nikasimama pale mbele nikasema, baba yangu ana ugonjwa wa kusahau, anao kwa miaka, mama yangu alimficha kwa sababu alituogopa sisi, na anayemwogesha ni jirani yetu Yusuf. Nilisema sisi. Mchungaji akakohoa. Lakini wakati wa chai wanawake watatu walinifuata pembeni, mmoja baada ya mwingine. Mmoja, mgonjwa wake ni mumewe. Mmoja ni dada yake, yuko chumbani juu, hatujawahi kumwona. Mmoja hakusema ni nani, alinishika mkono tu hakuniachia.

Ndiyo maana hasira haiishi, Mama. Uliogopa peke yako na wao waliogopa peke yao, viti viwili nyuma yako, kila Jumapili.

Sasa nakuaga, maana nasikia anaanza kutembeatembea. Ratiba ya siku nzima ya Baba nimeipata kipande kwa kipande. Asubuhi alinipa Yusuf. Ya saa sita Mama Hodan alikumbuka, kwamba ulikuwa ukimpa maharagwe achambue, hata kama yameshachambuliwa. Ya jioni niliipata mwenyewe, ni tenzi. Lakini saa nane mchana, Mama. Kila siku saa nane huinuka, huenda mlango wa nyuma, hushika kitasa, hunigeukia na kuningojea kabisa, uso umejaa matumaini, kwa kitu fulani mlichokuwa mkifanya saa hiyo ninyi wawili. Nimemtoa bustanini, sicho. Nimempa koti, sicho. Nimemwimbia. Yusuf hajui, Mama Hodan hajui. Baada ya robo saa uso hufifia, hurudi kitini.

Wewe tu ndiye uliyejua, ukaondoka nacho.

Siwezi kusema nimekusamehe, ningekuwa nakudanganya. Lala salama hata hivyo, mama yangu. Nakuahidi hili moja: kila saa nane nitakuwa pale mlangoni pamoja naye, nikijaribu, mpaka nikipate au yeye asahau kunisubiri.

Binti yako,
Kageha